Kabla ya Mkasi

Dirishani waliuliza: "Bima gani?"
Nikasema: mfuko wangu.
Dada wa kaunta hakucheka. Aliandika KESHI
kwa herufi kubwa, kama jina la ukoo wangu.

Mimi ni fundi mapazia, Mtaa wa Mchikichi, ghorofa ya pili.
Mteja huja na dirisha lake kichwani,
nalipima kwa maneno, kisha kwa futi,
na bei naitaja
kabla mkasi haujagusa kitambaa.
Kitambaa kikishakatwa hakuna mapatano,
kuna ugomvi tu.

Lakini mimi huyo huyo niliingia kwa mshauri
bila kuuliza.
Mtu asiyelala tangu Machi haulizi.
Mwenye kuzama hasemi: kamba hiyo shilingi ngapi?

Chumba kile cha Upanga kina feni isiyo na haraka,
boksi la tishu, na Bi Nakijwa,
aliyeninyamazia mpaka nikatamka: Tunu.
Mdogo wangu Tunu, aliyechagua kitambaa cha njano chenye bata,
mita sita, dirisha la mtoto.
Alikwenda leba na beseni.
Beseni lilirudi.

Mwisho wa mwezi, ankara.
Kufungua faili, elfu ishirini.
Vikao vinne, kila kimoja elfu hamsini.
Huduma nyinginezo, elfu kumi na tano.
Niliisoma kama ninavyopima dirisha, kona kwa kona.
Vinne?
Nilikwenda mara tatu. Siku ya nne Jangwani palijaa maji,
barabara ikafungwa, nikapiga simu saa moja asubuhi
nimesimama Magomeni, viatu mkononi.
Na hizo nyinginezo ni zipi? Tishu?
Feni?

Kwetu tulilelewa kuwa mganga habishiwi.
Nikaikunja, nikaiweka chini ya cherehani,
na kila nikikanyaga pedali ilikuwa inasema:
laki mbili, thelathini na tano,
laki mbili, thelathini na tano.

Nilimwambia Bi Nakijwa kwa aibu, kama mtu anayekiri wizi.
Akasema, "Hilo nalo ni la humu ndani. Pesa hukesha na mtu.
Shuka, uliza. Wakikujibu vibaya, rudi unieleze."

Nikashuka. Beji yake imeandikwa Frola.
Sauti yangu ilitoka nyembamba, uzi wa kufumia:
Naomba unifafanulie, mstari kwa mstari.
Akageuza karatasi, akaigeuza tena.
Nyinginezo hakuzijua. Akazifuta.
Kikao cha maji, akasema, utaratibu ni taarifa ya siku moja kabla.
Nikasema, utaratibu huo nilionyeshwa lini?
Akaingia ofisini. Nyuma yangu foleni ikakohoa.
Akatoka: lipa nusu.
Sikushinda, wala sikushindwa.
Laki moja, tisini na tano.

Nikaongeza, maana ulimi ulikuwa umeshapata moto:
Tunaolipa wenyewe, bei yetu ni hiyo hiyo ya wenye bima?
Frola akatazama nyuma, akainamisha kichwa.
"Ipo ya keshi. Elfu arobaini.
Hakuna aliyewahi kuuliza."

Iandike.
Akaandika.
Na vikao vingapi mnakadiria, na nikikosa inakuwaje.
Akaandika.
Piga mhuri.
Akapiga, mara mbili, wa kwanza haukukolea wino.

Nisiseme uongo, usiku ule pia sikulala.
Nililala chali Buguruni, mabati yanatoa joto la mchana,
nikaona kwamba ankara, hata iwe ya dhuluma,
ina mstari chini na jumla.
Tunu hana.
Nimejumlisha tangu Machi na haishii.

Jumanne, saa nne asubuhi, elfu arobaini. Karatasi ninayo.
Kitambaa cha njano kiko rafu ya juu,
mita sita, hakijaguswa.
Juzi mteja alikiona akauliza bei.
Nikasema hicho hakiuzwi,
nikashika futi,
nikamuuliza dirisha lake lina upana gani.